Maswali ya Wasomaji: Alama za Kadi ya Grafiki

Swali: Kuna muuzaji wa Mwanga, hapa Kigoma, ana RX 580 ya GB 8 iliyotumika. Amenitumia picha ya skrini ya Time Spy, kile kipimo cha nguvu ya kadi, yenye alama 4,800, anasema kadi ni nzima. Niamini?
*Msomaji, Ujiji*

Jibu: Hapana, si kwa picha tu. Hata kama ni ya kweli, hiyo namba kubwa ya juu ni mchanganyiko: asilimia 85 ni ya grafiki, 15 ya prosesa. Prosesa kali huibeba kadi ya kawaida. Mwombe alama ya grafiki peke yake. RX 580 kamili huwa karibu 4,300. Ukiona 3,800 hivi, huenda ni 2048SP, toleo pungufu lililotoka 2018 kwa soko la China, au wachimba sarafu za mtandaoni wameichezea BIOS, yaani programu ya ndani ya kadi.

Weka GPU-Z kwenye flashi kabla hujatoka nyumbani. Ni programu ya MB chache inayoonyesha undani wa kadi. Ifungue, soma mstari wa Shaders, idadi ya viini vya kadi: 2304 ndiyo kadi kamili, 2048 ni ile pungufu. Jina la kadi likitanguliwa na neno FAKE, rudisha hela yako mfukoni.

Kisha ipime mbele yake. Time Spy itakumalizia bando, na majaribio yake mawili ya grafiki ni ya dakika moja moja hivi, kadi haijapata hata moto. Ndiyo maana kadi mgonjwa inaweza kutoa alama za kadi nzima. Chukua Heaven, kipimo cha 2009 lakini chepesi kupakua, ukiache kizunguke dakika 20 huku ukurasa wa Sensors wa GPU-Z uko wazi. Nenda saa nane mchana, joto likiwa kali, na kasha la kompyuta lifungwe. Usikubali kadi ipimwe asubuhi, kasha wazi, feni ya mezani ikiipulizia.

Kasi ya kadi ikianza karibu MHz 1,340 kisha ikashuka hadi 1,100 joto likiwa limepita nyuzi 85, pesti ya kupitisha joto imekauka, vumbi limejaa au feni moja haizunguki vizuri. Hayo yanatengenezeka, kwa hiyo dai punguzo. Lakini ukiona vidoa vya rangi, miraba au mistari inayometameta, mara nyingi ni memori ya kadi inayokufa. Hapo ondoka, hata akikupunguzia nusu bei.

Swali: Mimi na jirani yangu tuna RX 580 za GB 4. Alama zetu zinapishana 40 tu, lakini gemu la mpira kwake linateleza, kwangu linakwamakwama. Kipimo kinadanganya?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Hakidanganyi, kimejibu swali lingine. Alama 40 katika 4,000 ni asilimia moja. Ukirudia kipimo mara tatu kwenye mashine ileile utaona tofauti kama hiyo. Maana yake kadi zenu zina nguvu sawa. Kukwama kwako kunatoka kwingine.

Shusha ubora wa skrini ndani ya gemu hadi 1280 kwa 720. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zisipoongezeka, kadi haina kosa, prosesa ndiyo imeelemewa. Halafu tazama RAM: kijiti kimoja cha GB 8 huinyima prosesa nusu ya upana wa njia, viwili vya GB 4 huifungulia. Fremu zikiongezeka lakini mikwamo ibaki, angalia kama gemu limewekwa kwenye diski ya kuzunguka badala ya SSD, na kama memori ya kadi imejaa. Time Spy haiijazi GB 4, magemu mapya yanaijaza, kwa hiyo upungufu huo hauonekani kwenye alama.

Watengenezaji nao si malaika. Mwaka 2003 waandaaji wa kipimo cha 3DMark03 waligundua drajva (programu zinazoendesha kadi) za Nvidia zilizokuwa zikikitambua kipimo na kukwepa sehemu ya kazi. Walipoziba mwanya, alama za GeForce FX 5900 Ultra zilishuka kwa karibu robo.

Swali: Niiache FurMark, programu ya kuielemea kadi, usiku kucha ili niwe na uhakika?
*Msomaji, Kasulu*

Jibu: Usifanye hivyo. Inavuta umeme kuliko gemu lolote, na drajva nyingi huitambua na kuibana, hivyo fremu zake hazilinganishwi na chochote. Dakika 10 zinatosha kujua kama pawasaplai inahimili mzigo. Kompyuta ikijizima ghafla ndani ya muda huo, anza kushuku pawasaplai kabla ya kadi.