Re: Ejenti ataka nitie sahihi fomu ya kuuza ikiwa tupu, ni sawa?

We, weka hiyo kalamu chini kwanza. USITIE sahihi fomu ya kuuza hisa ambayo haijajazwa. Huyo ejenti wako wa Digo Road hapa Mombasa akwambia muachie fomu ofisini ili bei ikipanda akuuzie usipate taabu ya kuja, eti usiogope, kampuni yao ni memba wa chama cha mabroka, yaani madalali wa hisa. Mie niliambiwa hayo hayo, tena nikaletewa chai ya maziwa, na sijawahi kunywa chai ghali kama ile.

Hisa zangu zilikuwa za KenGen, kampuni ya umeme, zile za 2006, shilingi 11.90 moja. Bei ikaruka, kila baraza ni hisa tu, hata wauza samaki wana broka. Yule bwana kanitilisha sahihi fomu kadhaa tupu, halafu pale pa anwani akaandika sanduku la posta la ofisi yao, eti barua za CDSC, wale wanaoweka rekodi za hisa za kila mtu, zisipotee njiani. Nkaona huyu mtu ananijali! Kumbe hisa wameziuza zamani, pesa wazungushia mambo yao, na mie kila nikipita nachapishiwa karatasi safi ina muhuri, zipo babangu, usiwe na wasiwasi. Gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, lilipokosa kuja wakasema ni benki, nami mbio nkaenda kugombana na dada wa watu pale kaunta hana habari ya lolote. Mpaka nilipoitisha taarifa kwa CDSC wenyewe, akaunti haina hata hisa moja. Wezi wakubwa wale, na tai zao shingoni.

Na hicho chama kisikuhadae. Chama ni chao, chatetea biashara yao. Mwenye kutoa leseni na kuinyang'anya ni CMA, mamlaka ya serikali ya masoko ya mitaji, orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao, tafuta jina la kampuni herufi kwa herufi. Enzi zetu hata soko lenyewe lilikuwa mali ya mabroka, mpaka 2014 ndo NSE, yaani hilo soko la hisa la Nairobi, ikauza hisa zake kwa umma, sasa nani alikuwa amchunga nani? Kampuni ya broka ya Nyaga ilipoanguka na kuwekwa chini ya usimamizi 2008, fidia ya ule mfuko wa kulipa wawekezaji walioibiwa haikupita shilingi 50,000 kwa mtu, uwe umepoteza laki ama milioni.

Salio lako uliza CDSC, SIO broka. Simu, imeili na anwani kwenye fomu ya CDS, ile akaunti yako ya hisa, ziwe zako, sio za ejenti wala za shemeji yake. Siku wataka kuuza ndo watoa agizo, na idadi na bei uandike kwa mkono wako.

Uliuliza pia komisheni na kama utafute broka wa Nairobi ama wa hapa, wenzangu watakujibu, mie nikisikia fomu tupu masikio yaziba. Kama kuna ulizokwisha kutia sahihi nenda kesho asubuhi ukazidai, na akikutolea fotokopi mwambie wataka zenyewe.