Ovari ya juu, juu ya nini?

Nikiwa kidato cha tatu niliwekewa ua la mnyanya mezani, mtihani wa vitendo, nikaandika kwamba ovari yake, kile kifuko cha mbegu, iko chini. Niliandika nilichokiona: ua lilikuwa limeinama, limetazama ardhi. Nikapata sufuri na sikujua kwa nini.

Juzi mpwa wangu alikuja kwangu hapa Kisumu na daftari lake. "Shangazi, wanasema ovari ya juu. Juu ya nini?" Laiti ningaliuliza hivyo siku ile.

Ni juu ya mahali petali, zile za rangi, na sepali, vile vijani vya kijani vinavyolishika ua, zilipoota, basi. Anza na kikonyo, panda nacho. Ukizikuta petali kwanza ndipo ufike kwenye ovari, hiyo ni ovari ya juu: nyanya, maharagwe, sukuma wiki. Ukiikuta ovari kwanza, nazo petali zimeota utosini pake, ni ya chini: malenge, tango, ndizi. Ua liiname au lisimame, jibu ni lilelile.

Yale majina ya Kigiriki ndiyo yanayowavuruga watoto. Haipojinasi maana yake ni "chini ya sehemu ya kike", na mtoto akisikia chini anaandika ovari ya chini. Kumbe jina linazisema petali: ziko chini, kwa hiyo ovari iko juu. Epijinasi ni kinyume chake. Mimi ningeyafundisha mwisho kabisa.

Kata ua kwa wembe mpya, kwa urefu, kuanzia kikonyo hadi stigma, ile ncha ya juu ya sehemu ya kike. Ukilikata kwa upana utaona vyumba vya mbegu tu, na hilo ni swali jingine. Ua la malenge halihitaji hata wembe, kijilenge kinaonekana chini ya petali. Ila usichume la kiume! Hayo hutangulia kuchanua, hayana ovari, na mwanafunzi anaweza kuitafuta hadi kengele ilie.

Kama msimu wa maua umepita, nenda sokoni. Tulizunguka Kibuye tukinunua kimoja kimoja, wauzaji wakitucheka. Nyanya na biringanya zina kofia ya sepali pale kwenye kikonyo, kwa sababu tunda limekua juu ya sepali. Pera lina taji lake upande wa pili, mbali na kikonyo: ovari ilikuwa chini, ikanenepa, ikazibeba sepali kichwani. Ile ncha nyeusi ya ndizi nayo ni kovu la ua.

Lililotuchelewesha ni waridi. Tulinunua moja, bila shaka la Naivasha, na kwa nje ungeapa ovari ni ya chini, maana chini ya petali pamevimba. Tulipolipasua tukakuta kikombe. Petali na stameni, zile sehemu za kiume zenye chavua, zimeota ukingoni mwake, na ndani mna ovari ndogondogo nyingi zenye vinyweleo, kila moja imejikalia peke yake bila kugandana na ukuta wa kikombe. Hiyo ndiyo perijinasi, ya katikati. Mpwa wangu alichukua sindano akazing'oa moja moja, akazipanga kwenye sahani, na kikombe kikabaki kitupu.