Bustani inapewaje medali?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina kitalu kidogo cha maua hapa Morogoro. Nasikia bustani ya Kirstenbosch ya Cape Town imebeba medali kibao za dhahabu Uingereza, sasa bustani haisafiri, wanapima nini? Na maua si kazi ya Mungu tu na mvua yake?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Hizo medali ni za maonyesho ya maua ya Chelsea, yanafanyika London kila mwezi wa tano, bustani yenyewe inabaki pale pale chini ya Table Mountain ila maua yanakatwa, yanapanda ndege, yanaenda kupangwa upya bandani, na Kirstenbosch wameshachukua dhahabu zaidi ya 30. Kule hawatafuti mshindi mmoja, kuna kiwango kimewekwa, ukikifikia unapewa dhahabu yako hata kama jirani naye kapata.

Mvua ni ya Mungu kweli, lakini kuna mmea pale Kirstenbosch unaitwa Encephalartos woodii, ukiuona utadhani mnazi mfupi, ulipatikana mmoja tu msituni Ngoye, huko huko Afrika Kusini, mwaka 1895, nao dume, jike halijaonekana mpaka leo. Maana yake hakuna mbegu. Yote iliyopo duniani imetokana na machipukizi ya ule ule mmoja, watu wanayabandua wanayapanda, na wa Kirstenbosch wameujengea kabisa uzio wa chuma wezi wasiuguse.

Halafu kuna strelitzia, lile ua kama kichwa cha ndege, kwa kawaida ni la rangi ya chungwa. Mara chache sana linatokea la njano. Mtaalamu wao John Winter akalishikilia hilo la njano, anachavusha kwa mkono ua moja baada ya jingine, na kwa kuwa kindi walikuwa wanakula mbegu ikabidi vichwa vya maua vifunikwe kwa waya, ule ule wa banda la kuku. Ukipanda mbegu yake unasubiri miaka kadhaa ndio uone ua, ukikuta ni la chungwa unaanza upya, kazi ikaenda karibu miaka 20! Mwaka 1996 wakaliita Mandela's Gold, yaani Dhahabu ya Mandela. Mimi mtu wa namna hiyo namheshimu kuliko medali zote, maana zile medali zinatoka kwenye mikono kama yake.

Sasa wewe hapo kitaluni, mche ukitoka tofauti na wenzake usiung'oe haraka. Ufunge kitambaa, andika tarehe, utenge mbali na wengine, ukitoa ua uuchavushe wenyewe kwa wenyewe kwa brashi ndogo ya rangi asubuhi nyuki hawajafika, kisha funika. Mbegu zikikomaa niandikie umepata ngapi.