Keki ya chizi na ng'ombe wa Njoro

SWALI: Dada, habari ya jikoni? Niliona keki ya chizi kwa simu nikaipenda, nikaenda supamaketi hapa Nakuru, kale kakopo ka krimu chizi bei yake nanunua kuku, nikarudisha kwa shelfu. Kuna siku nililetewa kamoja nikaoka, keki ikapasuka katikati kama shamba la Februari. Si kuna njia ya kutumia maziwa ya nyumbani? Niko na ng'ombe wawili na oveni sina, naoka kwa jiko. – Mama wa Njoro

JIBU: Mama, ng'ombe wawili alafu unalilia kopo? Hiyo krimu chizi ya kopo ni ya Wamarekani, ilianza kutengenezwa kiwandani jimbo la New York miaka ya 1870, ndio maana keki yao ni nzito hivyo. Lakini Wajerumani wanatumia kwarki, Wapolandi twarogi, na hizo zote ukiziangalia vizuri ni mala (maziwa yaliyoganda) iliyochujwa, basi.

Weka lita 4 za mala kwa sufuria, moto mdogo kabisa, usikoroge sana, ukiona maji ya kijani kijani yamejitenga na kidole kinavumilia joto kwa shida, epua. Ikichemka imeenda hiyo, inakuwa punje punje kama mchanga. Mwaga kwa kitambaa safi, funga, tundika usiku kucha (mimi natundika kwa mfereji wa sinki, mzee akiamka usiku kunywa maji analalamika). Asubuhi una nusu kilo na kitu. Yale maji kandia chapati.

Ipitishe kwa chujio ilainike, changanya na mayai 3, sukari nusu kikombe, malai (krimu ya maziwa) nusu kikombe, konflawa vijiko 2 na ganda la limau umekwaruza. Usipige sana, hewa ikiingia keki inafura kisha inashuka na ufa. Mimina juu ya biskuti ulizosaga na siagi.

Kupasuka kwingine ni moto na haraka tu, yai likizidisha kuiva linajikaza. Makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko, na katikati ikiwa bado inatikisika kidogo, toa makaa uiache humo humo ipoe. Na usione haya na hilo jiko, Cato wa Roma zaidi ya miaka 2,100 iliyopita aliandika keki ya jibini, unga na yai, inaokwa juu ya majani, imefunikwa chungu cha moto.

Ikipasuka tena, sema umepika ya San Sebastián, Uhispania. Ile haina biskuti, inaokwa kwa moto mkali mpaka juu inakuwa nyeusi, na watu wanapanga laini kuinunua.

SWALI: Ile keki ya chizi isiyookwa inaweza kaa bila friji? – Wa Kondele, Kisumu

JIBU: Na hilo joto lenu? Utakunywa na kikombe.