Mbona tokeni za umeme Kenya ni ghali na umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa ardhini?
Usiishie kwenye SMS ya tokeni, fungua mchanganuo wa malipo. Angalia mistari miwili: mafuta na fedha za kigeni. Mvua ikikosa, maji ya bwawa la umeme la Masinga hushuka, mitambo ya dizeli huwashwa jioni, na gharama yake inakufuata kwa kila uniti. Mstari wa pili, wa fedha za kigeni, unatokana na mikataba na mikopo ya dola au yuro. Shilingi ikiteleza unalipa wewe, hata kama upepo ni wa bure. Na upepo wa Ziwa Turkana (mitambo iko Marsabit, megawati 310) huvuma sana usiku tukiwa tumelala, matumizi yakiwa madogo, hadi mvuke wa Olkaria (mitambo ya mvuke wa ardhini, Naivasha) huachiliwa hewani bila kuzalisha umeme. Kisha VAT asilimia 16.