Usugu nao una gharama yake
Umeuliza kama bakteria akishakuwa sugu, yaani dawa haimuui tena, basi hana tena pa kushikwa. Anapo! Tangu 1952 watafiti walishaona kwamba usugu kwa dawa moja unaweza kumfanya awe dhaifu kwa nyingine. Mfano ninaoupenda ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa: ana pampu za kuitapika dawa nje kabla haijamdhuru. Sasa kuna faji, yaani virusi anayeshambulia bakteria, aitwaye OMKO1, ambaye hujishikiza kwenye pampu hizohizo ili aingie. Bakteria akiziacha zilivyo, faji anammaliza. Akizibadilisha ili amkwepe, dawa inampata upya. Ujanja mtupu. Ila bado ni tiba ya majaribio, na si kila bakteria hunaswa hivyo.