Wageni wa Vuli: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Ndege wa Nairobi

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ndege wanaowasili wakati wa mvua za vuli, na matembezi ya kuwatazama. Tumezijibu tano.

Nimesikia kuna matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi. Mimi sijui lolote kuhusu ndege. Nitakaribishwa? Nibebe nini?
*Msomaji, Umoja*

Utakaribishwa vizuri. Matembezi hayo huandaliwa na Nature Kenya, chama chenye mizizi tangu 1909, na watu hukutana kwenye Makavazi ya Taifa, Museum Hill, saa mbili na nusu asubuhi. Fika mapema kidogo. Mara nyingi kundi huondoka hapo kwa magari ya kushirikiana kwenda Arboretum, City Park, Karura au kwingineko, na anayechelewa hukuta wenzake wamekwenda. Ratiba hubadilika, kwa hivyo uliza ofisini mwao siku moja kabla, na uwe na pesa kwenye M-Pesa kwa ajili ya kiingilio.

Vaa kijani kibichi, kahawia au kijivu. Nyeupe huwashtua ndege, na koti la nailoni linalochakarisha kila ukiinua mkono ni baya zaidi. Beba maji lita moja, kofia, daftari dogo na penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka mvua ikikunyeshea. Usipokuwa na darubini, nenda tu, wenzako watakuazima.

Ukimwona ndege, usinyooshe mkono. Taja mti, kisha tawi, kisha upande: "mgunga wa pili, tawi la chini, kushoto."

Kuanzia Septemba naona mbayuwayu wengi kwenye nyaya za umeme, na kwenye migunga kuna videge vidogo vya rangi ya majani makavu. Nitajuaje yupi ni mgeni na yupi ni mwenyeji?
*Msomaji, Lang'ata*

Anza na mbayuwayu kwa sababu wanakaa wazi. Mgeni kutoka Ulaya na Asia ana paji na koo jekundu la kutu, na chini ya koo mkanda mweusi usiokatika, kisha tumbo jeupe au la rangi ya maziwa. Tatizo la vuli ni kwamba wengi ni makinda wa mwaka huu: koo limepauka na zile nyuzi ndefu za mkia hazijaota. Wewe tafuta mkanda wa kifuani. Mwenyeji anayeonekana sana karibu na madaraja na mito ana koo jeupe kabisa, utosi wa kutu na nyuzi mbili nyembamba mkiani. Mwenyeji mwingine ana michirizi myeusi kifuani na kiuno cha rangi ya chungwa. Ukimaliza kuwajua hao wawili, mgeni hujitokeza mwenyewe.

Kidege cha migungani yaelekea ni mgeni pia, yule aitwaye kitaalamu Phylloscopus trochilus (kwa Kiingereza willow warbler). Ana mstari wa manjano hafifu juu ya jicho, miguu ya rangi nyepesi, na hatulii: huokota wadudu jani kwa jani, na mara kwa mara hutoa mlio mfupi laini unaopanda mwishoni. Hufika kwa wingi Oktoba na kuondoka Machi na Aprili. Wengi hukosea kwa kutazama rangi peke yake, nayo hubadilika chini ya mawingu ya Novemba. Tazama mwendo kwanza, kisha mstari wa jicho, kisha miguu, na rangi iwe ya mwisho.

Usisahau kutazama juu. Keremkerem wa Ulaya hupita Septemba na Oktoba wakiwa juu sana, na utawasikia kabla ya kuwaona. Siku kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, nenda Hifadhi ya Nairobi ukiweza: tai wa nyika za Asia huteremka na kutembea chini wakiwala mmoja mmoja. Mwishoni mwa Novemba na Desemba hupita kozi wa Amur, ndege wa ukubwa wa njiwa waliotoka kaskazini mashariki mwa Asia na kuvuka Bahari ya Hindi, nao huzifuata mvua hizo hizo. Ndani ya hifadhi usishuke garini ila mahali paliporuhusiwa, na uogope udongo mweusi: ukishalowa, gari la kawaida hukwama hata pasipo na mteremko.

Nilinunua darubini ya mtumba, 10x50. Naona vitu viwili na kichwa kinaniuma.
*Msomaji, Kariobangi*

Kwanza irekebishe. Ikunje katikati mpaka miduara miwili iwe mmoja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, tazama kwa jicho la kushoto maandishi ya mbali, zungusha gurudumu la katikati mpaka yawe makali. Sasa ziba ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia tu, bila kugusa gurudumu. Kumbuka alama ya pete hiyo, haitabadilika tena.

Ikiwa bado kuna picha mbili, darubini ilianguka na vioo vya ndani vimesogea. Hilo ni la fundi wa lenzi, na mara nyingi halistahili gharama. Utakaponunua nyingine, tazama nayo antena ya mbali kabla ya kulipa, na uchague 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya upana wa milimita 42. Mwanga ni karibu uleule, kwa kuwa 42 ukigawanya kwa 8 ni 5.25 na 50 ukigawanya kwa 10 ni 5, lakini ya 8 haitikisiki sana mkononi na kwa kawaida huonyesha eneo pana zaidi, jambo muhimu msituni.

Je, naweza kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili atokee?
*Msomaji, Ruaka*

Usifanye hivyo. Mwenyeji hudhani mpinzani ameingia kwake, huacha kula na kulinda kiota, naye mvua ndiyo majira ya wengi kutaga. Simama kimya dakika kumi karibu na mti wenye matunda au maua. Ndege watarudi wenyewe.

Nimeombwa nizungumze na chama cha mazingira cha shule yetu. Nipange vipi, na orodha ya wanafunzi tuipeleke wapi?
*Mwalimu, Kayole*

Mwalimu, zungumza dakika ishirini, kisha watoke nje. Picha kumi na tano zinatosha, zote za ndege watakaowakuta uwanjani: mwewe, kongoti, kwarara, chozi, shomoro. Picha za ndege wa mbali hupendeza lakini mtoto akitoka nje hana cha kulinganisha.

Orodha ipelekeni Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya mahali ndege wanapopatikana nchini. Nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama kwa makini ndani ya mraba mmoja, na mnaweza kuongeza ndege wapya hadi siku ya tano. Andikeni kila aina mara moja, kwa mfuatano wa kuonekana. Msiandike mliyemkisia. Kunguru na njiwa nao waandikwe, maana orodha yenye ndege adimu tu haiwezi kuonyesha nani anapungua mjini.